Golf au Audi? Magari ya tumbo moja yalivyomtoa jasho mdogo wangu

WAHENGA walisema mchagua nazi hupata koroma. Lakini wahenga hao, msomaji mpendwa, hawakuwahi kuambiwa wachague kati ya nazi mbili zilizoanguka kutoka mnazi mmoja, zenye ukubwa sawa na maji sawa, ila moja imepigwa chapa ya kifahari na kuongezwa bei. Huo ndio mtihani uliomkabili mdogo wangu mwaka 2024 aliporejea nchini na akiba yake, akitaka kununua gari la mbio.

Upande mmoja palikuwa na Volkswagen Golf R. Upande wa pili palikuwa na Audi S3. Kwa asiyejua magari, hayo ni majina tu. Kwa anayejua, hao ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja waliolelewa katika nyumba mbili. Mimi nilikuwa katika kundi la wasiojua. Lakini kwa kuwa ndimi dada mkubwa, tena mwandishi ambaye kazi yake ni kuulizauliza, nilitwikwa mzigo wa kuuliza kwa niaba ya familia. Niliyoyapata ndiyo haya ninayokuletea leo, kwani najua kuna nyumba nyingi jijini ambamo mjadala kama huu umewahi kuwafanya watu wasahau kula.

Kwanza, mfahamu mnunuzi mwenyewe. Mdogo wangu aliondoka Kenya mwaka 2015 kwenda Qatar kufanya kazi ya umeme katika majengo. Alianza kama fundi wa kuvuta nyaya, akapanda ngazi hadi akawa msimamizi wa wenzake. Kwa miaka tisa alivaa ovaroli yenye jina la kampuni ya watu kifuani. Kwa jasho hilo alimjengea mama nyumba ya mawe kule kwetu Wundanyi, akawalipia binamu zetu wawili karo ya sekondari, na bado akaweka akiba katika chama cha ushirika. Baba alipofariki mwaka 2019, ruhusa ya mdogo wangu ya kusafiri ilichelewa hadi tukazika bila yeye. Aliyafuata mazishi kwenye simu, picha ikikatikakatika. Hilo ni jambo asilolizungumzia, nasi hatumchokozi.

Kwa hivyo aliponiambia, "Dada, nataka Audi," sikukimbilia kumpinga. Mama ndiye aliyetangulia kuuliza swali lililomkaa rohoni. "Na karakana je?" alisema kwa simu. Maana mpango wa tangu zamani ulikuwa afungue karakana mjini Voi, asuke upya mota na pampu za maji, na awafungie watu mitambo ya sola. Fedha za karakana na fedha za gari zilikuwa zinatoka katika mfuko ule ule. Kila shilingi iliyoongezwa huku ilikuwa inapunguzwa kule.

"Kwani lazima iwe Audi?" nilimwuliza.

"Dada, umesahau hadithi za baba?"

Sikuwa nimezisahau. Baba alikuwa mpenzi mkubwa wa Safari Rally. Kila Pasaka aliketi barazani na redio yake ya betri, akakataza watoto kupiga kelele, akayafuata magari kituo baada ya kituo kana kwamba yanapita uani kwetu. Hadithi aliyoirudia mno ni ya mwaka 1987, mwaka niliozaliwa mimi, Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda mbio hizo akiendesha Audi 200 Quattro. Baba alikuwa akilitaja jina la Mikkola kama la mjomba wake wa damu.

"Alipokuwa akisema Audi," mdogo wangu aliniambia, "alikuwa anafumba macho."

Sasa hapo, msomaji, ungemjibu nini?

Nasaba ya magari haya

Nilianza kwa kutafuta ukoo. Audi ilianzishwa na mhandisi Mjerumani August Horch. Alipokosana na wenzake katika kampuni ya kwanza iliyobeba jina lake, alikatazwa kulitumia tena jina hilo. Neno "horch" kwa Kijerumani ni "sikiliza", basi akalitafsiri kwa Kilatini, likawa "audi". Zile pete nne zilizoshikana ambazo vijana wetu huziona wakatokwa na mate zilitokana na muungano wa mwaka 1932 wa kampuni nne: Audi, DKW, Horch na Wanderer. Muungano huo uliitwa Auto Union.

Katikati ya miaka ya 1960, Auto Union ilinunuliwa na Volkswagen kutoka kwa Daimler-Benz. Tangu hapo Audi na Volkswagen wamekuwa watoto wa boma moja. Golf ilizaliwa mwaka 1974, na ilipoanza kuuzwa ile ya mbio, Golf GTI, mwaka 1976, ilikuwa na nguvu za farasi 110 tu. Hata hivyo, iliuonyesha ulimwengu kwamba gari la kupeleka watoto shuleni linaweza pia kukimbia. Audi nayo ilitoka na Quattro mwaka 1980, na ikabadilisha kabisa mbio za magari kwa kuyapa magurudumu yote manne nguvu ya injini.

S3 ya kwanza ilitoka mwaka 1999. Jamaa yake upande wa Volkswagen, Golf R32, alifuata mwaka 2002, na baadaye akaitwa Golf R. Kisha mwaka 2012 wakuu wa kampuni wakafanya jambo lililozidi kuwasogeza karibu ndugu hawa. Walibuni msingi mmoja wa kuundia magari, waliouita MQB, na wakaanza kuutumia kwa Audi A3 na Golf ya kizazi cha saba. Ni kama fundi wa nyumba aliyechora msingi mmoja, akajenga juu yake nyumba mbili, moja akaipaka chokaa na nyingine akaibandika vigae.

Sisi Wakenya tuna nasaba yetu pia na majina haya. Kabla Audi haijajulikana huku, Volkswagen ile yenye umbo la kobe ilikuwa imekwisha kushinda Safari mara tatu, mwaka 1954, 1957 na 1962. Wazee wengi wa umri wa mama yangu walimwona mwalimu au kasisi akiendesha kobe huyo kabla hawajaona gari jingine lolote karibu.

Ukiyatazama kutoka chini

Baada ya kusoma nilitaka kuona kwa macho. Wauzaji wote wawili walikubali tuyapeleke magari yao kwa fundi, la kwanza siku ya Jumanne na la pili Alhamisi. Yote mawili yalikuwa ya mwaka 2017, na yote mawili yalikuwa yametoka Japani. Tuliyapeleka kwa fundi mmoja wa Eneo la Viwandani ambaye magari ya Kijerumani ndiyo kazi yake ya kila siku.

Alilipandisha la kwanza juu, akatuita chini yake, akatuonyesha kila kitu kwa tochi. Siku ya pili alifanya vivyo hivyo. Kisha akaniambia, "Madam, nikikufunga kitambaa machoni, nikuzungushe mara tatu, halafu nikuinue uso utazame juu, hutajua uko chini ya lipi."

Ama kwa hakika, nisingejua. Injini ni ya ukoo mmoja, ukubwa wake sentimita za ujazo 1,984, na wahandisi huiita EA888. Yote mawili yana tabo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi unaotoka, kikasukuma hewa zaidi ndani ya injini ili mafuta yachomeke kwa nguvu. Kulingana na mwaka na soko, magari haya ya kizazi hicho hutoa kati ya nguvu za farasi 280 na 310. Huondoka yakiwa yamesimama hadi kilomita 100 kwa saa katika muda wa takriban sekunde 5. Na yote mawili yamefungwa na kiwanda yasipite kilomita 250 kwa saa.

Gia nazo ni zile zile. Volkswagen huziita DSG, Audi huziita S tronic. Siri yake ni klachi mbili. Moja hushika gia ya kwanza, ya tatu na ya tano, nyingine hushika ya pili, ya nne na ya sita. Ukiwa katika gia ya tatu, ya nne imekwisha kutayarishwa inangoja zamu yake. Ndiyo maana gari hubadilisha gia kabla abiria hajafumba na kufumbua.

Kisha tukafika penye mambo. Volkswagen huuita mfumo wa magurudumu manne 4Motion. Audi huuita quattro. Katika magari haya mawili, fundi alituonyesha, kazi hiyo inafanywa na klachi ya aina moja, iliyofungwa nyuma, inayojulikana kama Haldex. Barabara ikiwa nzuri, gari huvutwa zaidi na magurudumu ya mbele. Yakianza kuteleza, klachi hiyo hupeleka nguvu nyuma.

"Lakini Audi ni quattro," mdogo wangu alisema.

"Mkubwa, jina ni quattro," fundi akamjibu kwa upole. "Zile Audi kubwa injini yake imelala kwa urefu wa gari, na mgawanyo wa nguvu uko katikati, wa gia za chuma. Hii injini imekaa kwa upana, kama ya Golf. Quattro ya mbio za zamani siyo hii."

Mdogo wangu hakusema kitu. Alichukua kitambaa akapangusa mikono yake kwa muda mrefu, ilhali hakuwa amegusa chochote.

Basi pesa zinaenda wapi?

Usinielewe vibaya, msomaji. Kuna tofauti, na si haki kusema hakuna. Ukiketi ndani ya Audi unahisi kwamba mtu alikaa akafikiria kila swichi. Vitufe vinazunguka kwa mlio mdogo wa kupendeza, matundu ya hewa ni ya mviringo kama ya ndege, na skrini huinuka kutoka ndani ya dashibodi unapowasha gari, kama mgeni wa heshima anayesimama kusalimia. Golf haina madoido hayo. Skrini yake imetulia mahali pake, vitufe viko pale mkono unapovitarajia, na kila kitu kimepangwa kama jiko la mama asiyependa mchezo.

Tuliyaendesha yote mawili asubuhi na mapema ya Jumapili katika barabara ya Southern Bypass, bila kupita kasi inayoruhusiwa. Audi ilikuwa kimya zaidi na iliyameza mashimo madogo kwa adabu. Golf ilizungumza zaidi na mikono kupitia usukani. Mdogo wangu alitabasamu katika yote mawili, na mimi nilishika kishikio cha mlango katika yote mawili. Nyuma, nafasi ya magoti ni karibu sawa. Buti ya kila moja ni lita 340 hivi, inayotosha masanduku mawili na gunia la viazi, lakini si kuku wa kupeleka Krismasi.

Sasa tuje kwenye fedha. Audi ilikuwa ghali kuliko Golf kwa shilingi laki saba. Nilitaka kujua laki saba hizo zinatoka wapi ikiwa chuma ni kile kile.

Sehemu ya jibu iko bandarini. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani lazima uwe upande wa kulia. Ushuru wa gari kuukuu haukadiriwi kwa bei uliyolinunulia huko ng'ambo. Mamlaka ya ushuru huanza na bei ya gari la aina hiyo likiwa jipya, kisha hupunguza kiasi fulani kulingana na umri. Kwa kuwa Audi mpya ina bei ya juu kuliko Golf mpya, Audi kuukuu nayo huanza hesabu ikiwa juu. Juu ya hapo huja ushuru wa forodha, uliopandishwa mwaka 2023 kutoka asilimia 25 hadi 35, kisha ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa injini za petroli za ukubwa kama huu, na kodi ya VAT ya asilimia 16. Kila kodi hupanda mgongoni mwa iliyotangulia. Kwa hivyo jina kubwa hulipiwa mara ya kwanza kiwandani, na mara ya pili Mombasa.

Mara ya tatu hulipiwa kila mwaka. Bima ile kamili hukadiriwa kwa asilimia ya thamani ya gari, basi la thamani ya juu hulipa zaidi hata likilala gereji. Na mara ya nne hulipiwa dukani. Spea nyingi za magari haya ni zile zile, tena zina nambari zile zile, lakini taa, bampa na vioo ni vya kila mmoja peke yake, na vya Audi ni adimu. Fundi wetu alituonya kwa mzaha, "Ukienda Kirinyaga Road ukitaka filta, sema nambari yake. Ukitaja Audi, bei inasimama wima."

Kuhusu petroli hakuna mshindi. Yote mawili hutaka ile ya daraja la juu inayouzwa ghali zaidi, na kiu yao ni moja. Kuhusu kasi hakuna mshindi vilevile, kwa sababu sheria inaruhusu gari la kibinafsi kilomita 110 kwa saa katika barabara kuu za njia mbili, na katika ile Expressway iliyofunguliwa jijini mwaka 2022 ni 80. Kilomita 250 za kwenye dashibodi ni kama sufuria ya harusi katika nyumba ya watu wawili. Inapendeza kuwa nayo, lakini utampikia nani?

Niliziweka hesabu hizi kwenye karatasi, nikampa mdogo wangu. Upande wa pili wa karatasi niliandika bei ya mashine ya kusukia mota, vipimo vya umeme, jenereta, na kodi ya chumba cha biashara mjini Voi kwa miezi sita. Jumla ilikaribia laki saba. Sikuongeza neno.

Karatasi zazungumza

Kulikuwa na jambo jingine, na kwa maoni yangu lilikuwa kubwa kuliko majina yote mawili. Gari kuukuu si aina tu. Ni lile lililoko mbele yako, na maisha liliyoishi kabla ya kukutana nawe.

Golf ile ilikuja na karatasi ya mnada wa Japani, alama yake 4.5, na kijitabu cha huduma kilichojazwa hadi mwaka lilipouzwa. Kilomita zilizokuwa kwenye karatasi na zile za kwenye dashibodi zilifuatana bila kurukaruka. Magurudumu yote manne yalikuwa ya kampuni moja na yamelika sawa. Audi haikuwa na karatasi ya mnada. Magurudumu yake yalikuwa ya aina tatu. Fundi alipounganisha kompyuta yake alikuta kumbukumbu za hitilafu zilikuwa zimefutwa siku chache tu zilizopita, bila mtu kueleza ni za nini.

Sisemi gari lilikuwa bovu, wala si kosa la waliolitengeneza. Nasema tu kwamba lilikuwa kimya mahali ambapo mwenzake alizungumza. Lau ingekuwa Golf ndiyo isiyo na karatasi, leo ningekuwa nakuandikia makala ya kuisifu Audi.

Kwa akili, mambo yalikuwa yamekwisha. Lakini moyo haukubali hesabu kwa urahisi. Jioni hiyo mdogo wangu aliketi sebuleni kwangu, karatasi yangu mkononi, macho yakiwa mbali. Wanangu walikuwa wamekwisha kulala. Nilimsikia akisema polepole, "Dada, mimi sikumzika baba. Nilitaka angalau nimletee gari lake."

Nilikosa la kusema. Nikachukua simu nikampigia mama, nikaweka sauti ya nje, nikamweleza yote: pete nne, Mikkola, hadithi za barazani.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Audi baba yenu aliisikia redioni, wanangu. Volkswagen aliipanda siku ya harusi yetu. Ilikuwa ya mwalimu mkuu, ile ya kobe. Mvua ilinyesha, matope yakatushika mlimani kabla ya kufika kanisani. Baba yenu alishuka na suti yake ya kuazima akaisukuma. Picha ya harusi mmeiona, suruali imelowa hadi magotini. Mlidhani ni nini?"

Picha hiyo imetundikwa ukutani kwetu tangu tuzaliwe. Sote tulikuwa tumeiona mara elfu, na hakuna aliyewahi kuuliza kuhusu suruali. Mdogo wangu alianza kucheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na yale machozi yalipoanza kutoka yaliendelea hata baada ya kicheko kwisha. Mama alingoja kimya upande wa pili. Sikuwahi kumwona akilia kwa ajili ya baba kabla ya siku hiyo.

Asubuhi yake alikwenda kulipia Golf.

Safari yake ya kwanza ndefu ilikuwa ya kwenda nyumbani. Nilipanda naye. Mombasa Road tulikwenda taratibu nyuma ya malori kama watu wengine wote, na baada ya Mwatate tukazishika zile kona za kupanda Wundanyi huku manyunyu yakianguka. Hapo ndipo nilipoelewa kile mfumo wa magurudumu manne unachofanya. Gari lilishika barabara kama mbuzi wa mlimani. Mama alitupokea, akalizunguka gari mara moja, akaomba apandishwe. Mlango ulipofunguliwa akasimama akaangalia kiti. "Gari la bei hii," alisema, "na bado mtu anaingia kama anayetafuta kitu mvunguni?" Magoti yake hayapatani na magari mafupi, na katika hilo Audi isingemsaidia pia.

Kabla hatujaingia ndani kunywa chai, mdogo wangu alikwenda peke yake nyuma ya nyumba, alikozikwa baba. Sikumfuata.

Karakana ilifunguliwa mjini Voi mwanzoni mwa mwaka 2025. Ina vijana wawili wanaofundishwa kazi, na wote watatu huvaa ovaroli. Kifuani pa ovaroli hizo pameandikwa jina la ukoo wetu.

Kwa wewe unayepanga kununua

Ikiwa wewe au mtu wa nyumbani kwako anasimama katika njia panda kama hii, nina machache ya kukushauri.

Mosi, uliza magari hayo mawili yanashirikiana nini. Siku hizi kampuni nyingi huunda magari ya majina tofauti juu ya msingi mmoja. Toyota 86 na Subaru BRZ, kwa mfano, ni mapacha wengine wa namna hii. Ukijua kilicho sawa, utajua kwa uhakika unacholipia zaidi. Ikiwa ni ukimya, viti na umaridadi, na unavipenda na unavimudu, nunua bila kuona haya. Pesa ni zako.

Pili, mlipe fundi kabla ya kumlipa muuzaji. Ada ya ukaguzi ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya sanduku la gia. Kwa magari haya mawili mwambie atazame hasa kama mafuta ya gia yamebadilishwa kwa wakati, mafundi wengi hushauri kila kilomita 60,000, na kama klachi ya Haldex imehudumiwa kila miaka mitatu hivi. Mwambie pia akague sehemu ya plastiki inayobeba pampu ya maji na thamostati, kwani katika injini hizi inajulikana kwa kuvuja ikizeeka.

Tatu, chagua karatasi kabla ya jina. Gari lenye kumbukumbu kamili ni bora kuliko lenye sifa kamili.

Nne, weka kando fedha za mwaka wa kwanza, yaani bima, magurudumu, mafuta na huduma, kabla hujahesabu unachoweza kununua. Januari huwakuta wenye Golf na wenye Audi, na karo haiulizi umepaki nini nje.

Na la mwisho, usimcheke anayetaka jina. Mara nyingi halitaki kwa ajili ya majirani. Mwulize amelitoa wapi, kisha nyamaza umsikilize. Huenda akahitaji kusikilizwa kabla ya kununua gari lolote.